Ukuta Nyuma ya Jiko Langu

Jumamosi, 2 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa mwezi wa kwanza, ukasema niandike kila siku hata mstari mmoja, likijaa nikutumie, kwa sababu kwenye simu kazi yangu ni kusema "hatujambo" halafu salio linakata. Nimelikalia wiki saba. Si uvivu. Nilikuwa nabeba mawe.

Uliondoka hata habari ya basi hatujaisikia. Siku chache baadaye watu wa ofisi ya usafiri walikuja, wakasimama kwenye kona iliyo juu ya nyumba yetu, wakasema basi kubwa haliwezi kukata pale, barabara ni nyembamba. Mkiipanua wenyewe, wakasema, tunawapa basi la majaribio mpaka mwisho wa Mei. Mkaguzi atakuja siku atakayotaka. Akikuta njia ni salama na watu wanapanda, basi ni lenu moja kwa moja. Akikuta kasoro, linarudi lilikotoka.

Ndipo tukajenga. Mlima mzima, wa juu ya kona na sisi wa chini yake. Baba Bosi alisimamia, maana ndiye mwashi pekee tuliye naye. Wanaume walichimba, sisi tulipandisha mawe kutoka korongoni, mimi na Bosi mgongoni na jiwe kichwani, mpaka jirani yangu Mama Mkaa akasema, "Huyu mtoto akikua atadai mshahara wake." Ukuta una hatua thelathini kutoka ncha hadi ncha, na kimo cha watu wawili, mmoja akiwa mabegani mwa mwenzake. Nyuma yake ni udongo, juu ya udongo ni barabara. Mbele yake, hatua sita, ni jiko langu. Basi likipita, linapita juu ya sufuria zangu.

Lilianza Jumatatu iliyopita. Dada, baba Bosi sasa analala nyumbani! Zamani alikuwa akilala hukohuko wanakojenga, anarudi Jumamosi amechoka, Bosi anamlilia kama ameona mtu wa sindano. Wiki hii amerudi kila jioni. Jana Bosi alimnyooshea mikono mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Leo ndiyo siku niliyobebea mawe. Unajua mguu wa kushoto wa Bosi ulivyogeukia ndani tangu azaliwe. Waliniambia utanyooka kwa plasta, ila plasta ibadilishwe kila Jumatano bila kuruka. Mara mbili nilianza, mara mbili nikashindwa. Kushuka hospitali ya mjini kwa miguu na mtoto mgongoni ni mwendo wa saa mbili na nusu, na ukifika namba zimekwisha.

Leo tulipanda saa kumi na mbili na nusu, tukawa wa nne kwenye benchi. Daktari alimgusa mguu kama anayechagua nyanya, akasema, "Plasta saba, mama. Ukikosa wiki moja, mguu unarudi ulikokuwa. Na huyu ana miezi kumi na moja, karibu anasimama. Akizoea kuukanyagia hivi, mimi sina tena la kufanya ila upasuaji. Na plasta isilowe."

Nikasema haitalowa.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza. Basi limewahi.

Jumapili, 10 Machi

Ukuta wetu una mabomba kumi na moja ya plastiki, baba Bosi aliyapanga mstari mmoja usawa wa goti langu. Nilidhani ni madoido ya mafundi. Mvua ilipokolea yakaanza kutapika maji ya matope usiku na mchana: uani kwangu, kwenye stoo ya Mama Mkaa, na jikoni kwa fundi viatu aliye nyumba ya tatu. Mama Mkaa alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tumeujenga wenyewe, tumeubebea mawe, leo unatukojolea."

Tulicheka. Nimefua nepi zilezile mara mbili.

Jumatano, 13 Machi

Bosi alitambaa mpaka mlangoni wakati nakoroga uji. Plasta ilinyonya maji ya ukutani kama mkate kwenye chai. Daktari aliikata, akaitupa. "Hii haihesabiki. Tunaanza moja."

Sikulia pale. Nilingoja nifike nyumbani.

Alhamisi, 14 Machi

Tumeyaziba. Mimi na Mama Mkaa, asubuhi baada ya wanaume kuondoka. Matambara ndani, halafu udongo wa mfinyanzi, halafu tukapigilia kwa mchi. Mke wa fundi viatu alituona, akaja na magunia yake, akaziba ya kwake. Mbele ya mabomba Mama Mkaa akapanga viroba vya mkaa, mimi nikapanga kuni. Ukitazama, huoni kitu. Saa nane mchana ua ulikuwa umeanza kukauka.

Sijamwambia baba Bosi. Anatoka giza, anarudi giza. Na atajiona amedharauliwa.

Jumapili, 17 Machi

Pakavu. Baba Bosi kasema, "Naona maji yamepungua." Nikasema ndiyo.

Jumatano, 20 Machi

Plasta ya pili. Kisigino kimeanza kushuka. Daktari kasema nimejitahidi.

Nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya basi kwa sababu ya mwandiko wangu, si kwa jingine. Mwenyekiti ni yule fundi cherehani wa juu, mwanamke shupavu, ndiye aliyekwenda ofisini mara tisa mpaka wakachoka kumfukuza. Kila jioni naandika kwenye daftari la kamati: basi limefika saa ngapi, wamepanda wangapi, hali ya barabara. Kwenye hali ya barabara naandika "nzuri".

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Kamba ya nguo imelegea, nepi zinagusa chini. Nimeikaza. Imefungwa kwenye chuma cha ukutani upande mmoja na nguzo ya jiko upande wa pili.

Jumatano, 27 Machi

Plasta ya tatu.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Kamba imelegea tena. Nimemwambia Mama Mkaa nepi za mtoto huyu zina uzito wa magunia. Nimeikaza kwa fundo la pili.

Jumatano, 3 Aprili

Plasta ya nne. Dereva, wote tunamwita Mjomba, aliniuliza nikishuka: "Mama Bosi, wewe unakaa hapo chini. Hakuna kitu umeona?"

"Kitu gani?"

"Kwenye kona. Upande wa nje, barabara ina mstari. Juzi haukuwepo."

Nilipanda kuuona jioni. Ni ufa mwembamba, unafuata ukuta kutoka ncha hadi ncha, kama mtu amechora kwa kijiti. Ncha ya kidole changu inaingia.

Nimeandika "nzuri".

Ijumaa, 5 Aprili

Vidole viwili.

Jumatatu, 8 Aprili

Mwenyekiti amesikia kwamba mkaguzi atakuja wiki hii. Kikao kilikuwa kwake, tumekaa juu ya marobota ya vitambaa. Nikasema kuna ufa. Akasema, "Tunaujua. Utajazwa."

"Ukijazwa utakuwa umepona?"

Alinitazama bila hasira, dada, hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Mwanangu, unajua mama yangu alifia wapi? Alifia juu ya kitanda cha kubebwa, nusu ya njia ya kushuka, watu wanne wakibadilishana mabega. Nani wa kuniletea habari ya mstari kwenye barabara?"

 Tukapanga nani atabeba udongo wa kuujaza.

Jumatano, 10 Aprili

Plasta ya tano. Mguu unaanza kutazama mbele. Nimeubusu nje ya plasta kama mjinga.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkaguzi kaja. Kijana mpole, viatu vyake havijawahi kuona matope. Ufa ulijazwa udongo jana, ukashindiliwa, lakini kulipokucha ulikuwa umebonyea tena, unaonekana. Mwenyekiti akatupanga wanawake mstari mmoja juu yake, bega kwa bega, na watoto mbele yetu, tumpokee mgeni kwa wimbo. Tuliimba tumesimama juu ya ufa. Bosi alikuwa mikononi mwangu, plasta inang'aa, na mkaguzi akamshika kidole gumba, akasema, "Basi limemsaidia huyu, eh?"

Nikasema limemsaidia.

Kisha akasogea ukingoni, akachungulia chini. "Na maji ya mvua? Yanatokea wapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Huku kwetu pakavu, mwanangu. Waulize wanaokaa chini."

Akanitazama mimi. Nikasema, "Pakavu."

Aliandika kitu, akaondoka. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado nahisi udongo chini ya nyayo zangu, laini kama unga uliochachuka.

Jumapili, 14 Aprili

Leo mume wangu alikuwa nyumbani. Nikampa chai, nikamuuliza mabomba yale ya ukutani ni ya nini.

Alifurahi kuulizwa. "Ya kupumulia. Udongo ukinywa maji unavimba. Maji yakikosa njia yanausukuma ukuta. Yakianza kusukuma, hata ungeujenga kwa chuma." Akanywa. "Kwa nini unauliza?"

"Naandika kwenye daftari la dada."

Nilimwongezea chai. Ikamwagika sahanini, akadhani nimechoka, akambeba Bosi akaenda kukaa naye nje. Nje, karibu na zile kuni.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kamba imelegea. Leo sikuikaza. Nimesimama naitazama tu. Dada, mimi kila siku nimekuwa nikilaumu nepi. Kamba hairefuki. Ukuta ndio unaosogea.

Jumanne, 16 Aprili

Basi likipita juu, sufuria zinagongana rafuni. Zamani zilikuwa kimya.

Jumatano, 17 Aprili

Plasta ya sita. Imebaki moja.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba Bosi alipotoka nilisogeza kuni. Nikachukua kipande cha nondo nikaanza kuchokoa bomba la kwangu la kwanza. Matambara yalikuwa yamevimba, yamekuwa kitu kimoja na tope. Nimechokoa mpaka mkono umechubuka, nondo ikaingia yote. Nikaichomoa haraka, nikaruka pembeni nikitegemea maji yanirukie.

Hakuna kilichotoka. Hata tone.

La pili, hivyohivyo. La tatu. Yamejaa tope mpaka ndani kabisa. Mama Mkaa alikuja, akatazama, safari hii hakutania. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kama ameshika sufuria ya moto. "Unatoka jasho," akasema.

Kweli. Mawe yote yalikuwa yamelowa kutoka ndani.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisogeza viroba vyote vya mkaa, akainamia bomba moja baada ya jingine, kumi na moja, akigusa kila moja kwa kidole. Akaenda kuleta timazi, ule uzi wake wenye risasi ya chuma, akapanda ngazi akaining'iniza kutoka juu ya ukuta. Uzi ulisimama wima. Ukuta haukuwa pamoja nao. Hapo katikati umetoka tumbo, na chini yake, kati ya uzi na jiwe la msingi, paliingia kiganja changu kizima na vidole viwili.

Alikaa kwenye kigogo. "Nani mwingine anajua?"

"Mama Mkaa. Na mke wa fundi viatu anajua tuliziba, hajui ni nini."

"Na kamati?"

"Wanajua ufa. Hawajui mabomba."

Nilipiga magoti mbele yake, dada. Nikamwambia niliogopa plasta ya mtoto. Akasema anajua. Akasema, "Kosa ni langu pia. Ningewaambia kazi yake. Nilijenga, nikakaa kimya kama vile kila mtu ni fundi."

Kisha tukafanya kitu ambacho sijui nitakiandikaje. Tulihesabu siku. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Plasta ya mwisho ni Jumatano. Ile inakaa wiki tatu bila kubadilishwa. Tukatazamana. Hakuna aliyelisema kwanza, au tulilisema pamoja. Tungoje Jumatano ipite. Alhamisi yeye atakwenda ofisini.

Mimi, Bosi na magodoro tumehamia chumba cha mbele. Kana kwamba ukuta ukija utaishia jikoni.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Ufa unaingia ngumi. Watu wanauruka na kuendelea.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Sikulala vizuri. Kila basi likipita nasimama katikati ya chumba mpaka limalize.

Jumatano, 24 Aprili

Plasta ya saba. Mguu wa Bosi umenyooka. Nimeuona uchi kwa dakika tatu kabla hawajaufunga tena, unatazama mbele kama mwenzake.

Nitakwambia na lile lingine. Asubuhi tulipanda kituo cha juu, kwa sababu hapo ndipo linapoanzia. Mbele yangu alikaa msichana wa shule anasoma huku midomo inacheza. Pembeni, mzee mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi, anakwenda kuchunguzwa macho. Akamchekea Bosi. "Mkubwa, unakwenda kazini?" Nikahesabu vichwa, nimezoea kwa ajili ya daftari. Thelathini na nane. Tulipokaribia kona nilimkumbatia mtoto kifuani, nikafumba macho. Wao hawakufumba. Wao hawakuwa na sababu ya kufumba.

Gari liliinama kidogo upande wa nje, likapita.

Nimekaa na hilo siku nzima. Nilijua mimi peke yangu ndani ya basi lile, na nikachagua kiti.

Jioni baba Bosi amerudi, nikamwambia kesho ndiyo kesho. Akavua viatu taratibu. "Tungoje Jumamosi," akasema. "Jumamosi mvua inaweza kupungua, nitoboe mabomba mapya mwenyewe. Nikienda ofisini wakajua ukuta wangu umetoka tumbo, nani atanipa kazi tena?"

Nampenda, dada. Sijawahi kumwona mdogo hivyo. Nilimwandalia maji ya kuoga.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeamka mapema, nimemfunga Bosi mgongoni, plasta nimeizungushia mfuko wa plastiki. Nikamwambia baba Bosi, "Leo usipande basi." Akadhani naota. Nikatoka.

Nilisimama katikati ya barabara upande wa juu wa kona, kabla ya ufa kuanza. Manyunyu. Basi likatokea juu na taa zake, limejaa. Mjomba akapiga honi mara moja, ya salamu. Akapiga ya pili. Akasimama karibu nami mpaka nikasikia joto la injini.

Akatoa kichwa. "Mama Bosi! Umelewa uji? Toka njiani!"

"Sitoki, Mjomba."

"Nitachelewa!"

"Chelewa."

Watu wakaanza kuchungulia madirishani. Mmoja akapiga kelele, "Mpeni kiti cha mbele, ndicho anachotaka!" Wakacheka. Mwingine: "Si ndiye katibu? Labda anahesabu matairi." Kisha Mwenyekiti akashuka. Alikuwa na mzigo wa sare za shule kichwani, alikuwa akizipeleka. Akauweka juu ya jiwe ili usilowe.

"Nini hii, mwanangu?"

Nikasema yote. Nikaisema kwa sauti, wote wasikie, kuanzia maji uani mpaka matambara na mchi. Nikasema kwenye daftari la kamati nimeandika "nzuri" siku ambazo haikuwa nzuri. Nikasema nilimwambia mkaguzi pakavu. Nikasema jana nilipanda nao nikijua.

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti akasema polepole, kama anayepima kitambaa, "Plasta ya mtoto wako imeisha jana."

"Ndiyo."

"Na leo ndiyo umepata uchungu wa watoto wa wenzako."

Nilisema tu, "Ndiyo. Lakini basi halipiti."

Wakaanza kunitukana. Sitayaandika. Mzee wa macho, aliyeambiwa arudi leo, ndiye aliyeshuka, akanikaribia, nikadhani atanisukuma. Akasema, "Mtoto analowa," akanishikia mwavuli.

Mjomba alizima injini. Akashuka, akatembea mpaka ukingoni, akachuchumaa, akautazama ukuta kwa ubavu. Alikaa hivyo kitambo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Huo ukuta una mimba ya miezi tisa," akasema. "Shukeni wote. Kimyakimya, mpite kwa miguu, mshike upande wa mlima."

Walishuka thelathini na nne, nilihesabu. Kisha wote tukakumbuka jambo moja kwa wakati mmoja. Basi lilikuwa juu. Mjini ni chini. Njia ni moja, na Mjomba hakukubali kuliacha gari huko.

Nilishuka mbio kwa kichochoro kuwatoa watu wa chini. Mama Mkaa alikuwa ameshawatoa, amembeba bibi kizee wa kwa fundi viatu mgongoni kama kiroba. Tukasimama mbali, kwenye uwanja wa bombani tunakochota maji, chini ya kona, mume wangu naye, hajavaa shati. Mjomba aliacha mlango wazi. Alivua viatu, akavirusha nje. Akaja na basi tupu, mwendo wa mtu anayenyata, tairi la ndani likikwangua mlima. Lilipofika katikati ya kona, ukuta ukatoa sauti. Si kishindo. Ni kama mtu anayesaga meno usingizini. Jiwe moja likachomoka katikati ya tumbo, likaanguka kwenye kuni zangu, na kwenye tundu lake yakatoka maji ya kahawia, mengi, kwa nguvu, mpaka mlango wa jiko.

Basi likapita.

Mjomba alisimama bombani, akakaa ngazini mwa basi, miguu mitupu. Mwenyekiti alimletea viatu. Mimi hakunitazama.

Ijumaa, 26 Aprili

Hakuna basi.

Jumatatu, 29 Aprili

Hakuna basi. Baba Bosi amerudi kulala kazini. Tuliagana vizuri. Aliniambia, "Ulifanya nilichoshindwa," kisha akaongeza, "lakini ungeniambia tukaenda wawili." Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 2 Mei

Ofisi imeandika: huduma imesitishwa. Mwenyekiti amebandika barua kwenye mlango wa kibanda cha bomba. Nimekwenda kuchota maji, foleni imenyamaza mpaka nimeondoka.

Jumanne, 7 Mei

Ukuta bado umesimama. Ndilo wanalonisema sasa. "Mbona haujaanguka?" Jiwe lile moja linatoa maji kidogokidogo. Mwenyekiti anatafuta simenti ya kujaza ufa, aite gari jingine.

Jumatano, 15 Mei

Nimeshuka kwa miguu, mwendo wa saa mbili na dakika arobaini. Wametoa plasta. Bosi amepewa viatu vidogo vilivyounganishwa kwa chuma, avivae mchana na usiku, niwe namleta kila mwezi. Kupanda tumepanda na mzee wa macho. Ameniambia hajaenda tangu siku ile.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua haijaisha. Mimi na Mama Mkaa tumehamia darasa tupu la shule ya juu. Fundi viatu na wapangaji wa nyumba ya mwisho wamekataa, bado wanalala chini ya ukuta, watoto saba. Mvua ikikaza tunapeana zamu kusimama bombani kuutazama.

Jana nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilimwambia basi liishie bombani, chini ya kona, pana uwanja wa kugeuzia. Wa juu tutatembea kipande kilichobaki, na wagonjwa tutawabeba mpaka pale tu. Akasema, "Basi la bombani si basi letu." Nikasema ni letu kuliko lililoko korongoni. Hakunifukuza. Aliendelea kushona, ila mguu ulisimama kidogo juu ya cherehani.

Barua ya kuomba hivyo nimeiandika mwenyewe, ndani nimeeleza mabomba na nani aliyaziba. Mkaguzi hatapokea bila alama za dole za wakazi.

Dada, natuma daftari hili kwa mkono wa mtu anayekuja huko kesho. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi:

Mtarimbo mmoja mrefu, usiopungua hatua mbili, baba Bosi atoboe kwa mbali akiwa amesimama ubavuni.

Mabomba ya plastiki ya inchi tatu, vipande kumi na viwili, na wavu wa plastiki wa kufunika ncha ya ndani, tope lisiingie.

Buti za mpira jozi mbili, namba thelathini na nane yangu, arobaini na moja ya Mama Mkaa.

Filimbi mbili za chuma. Za plastiki hazisikiki kwenye mvua.

Soksi nene za pamba za mtoto, jozi sita, viatu vya chuma vinamchubua kisigino.

Wino wa dole gumba, ule wa kopo lenye sifongo. Juu ya kona na chini yake wanaishi watu wazima mia moja na kumi. Mpaka leo wameweka dole wanne: mimi, Mama Mkaa, mzee wa macho, na Mjomba ambaye hata hakai huku. Tuma kopo kubwa.